Aliyemnyamazisha Shosho

Mfereji ulikohoa mara mbili, ukatema hewa, kisha maji yakaanza kugonga beseni. Kule Donholm maji huja siku mbili kwa wiki na hayamngoji mtu, kwa hiyo Inspekta Waringa Ndung'u, kama majirani zake wote, alikuwa amelala na mfereji ukiwa wazi. Aliamka gizani, akajaza madumu yake sita, akajaza na la saba la mjane wa chumba cha chini ambaye mgongo ulikuwa unamsumbua, ndipo akawasha taa ya jikoni na kufungua faili.

Ilikuwa faili nyembamba. Zahanati ya Tulizo, kule Makongeni, ilikuwa na friji moja ya chanjo, na kando ya friji kimtambo kidogo kilichokazwa ukutani. Kazi ya kimtambo hicho ilikuwa kuchunga friji kwa waya mwembamba na kutuma ujumbe kwenye simu ya zamu iwapo stima ingepotea au joto kupanda. Jumamosi alfajiri swichi kubwa ya stoo iliruka. Wodi ina laini yake, taa zake ziliendelea kuwaka, na hakuna aliyejua. Friji ilikaa bila stima hadi Jumatatu. Watoto kumi na mmoja walikuwa wameshadungwa chanjo iliyokwisha nguvu kabla muuguzi mmoja hajashika chupa akahisi ina joto.

Simu ya zamu, alfajiri ile ya Jumamosi, ilikuwa mfukoni mwa Sista Clare Akech.

Ndani ya faili mlikuwa na hati mbili zisizopatana. Ya kwanza ilikuwa kumbukumbu za kimtambo chenyewe, zilizochapishwa na karakana ya Dandora iliyokitengeneza. Ilisema kwamba saa kumi na dakika kumi na mbili alfajiri, ONYO LIMEANDALIWA, STIMA IMEPOTEA. Meneja wa zahanati, Bwana Muriuki, alikuwa amepiga mstari mwekundu hapo. Ya pili ilitoka kwa kampuni ya simu, na ilisema kwamba simu ya zamu haikupokea kitu alfajiri hiyo. Muriuki aliiamini ya kwanza. Alisema karatasi za kampuni ya simu hukosea, na kwamba Clare alilala, akauona ujumbe asubuhi, akaufuta kwa hofu.

Kiongozi wa mashtaka aliitaka faili siku hiyo, Alhamisi, saa kumi jioni. Shtaka lilikuwa uzembe. Clare akishtakiwa tu, leseni yake ya uuguzi ingesimamishwa kabla mahakama haijamsikiliza.

Waringa alichukua rula ya mjukuu wake, akaiweka chini ya mstari wa kwanza wa kumbukumbu za kimtambo, akaanza kusoma. Kurasa tisa, miezi mitatu. Alisoma polepole kama alivyozoea kusoma kila kitu, na chai ikapoa. Alipofika mwisho alikuwa ameandika mambo mawili kwenye daftari.

La kwanza: kila onyo lilikuwa na mwenzake. Chini ya LIMEANDALIWA palikuja LIMEKWENDA, sekunde chache baadaye. Onyo la Jumamosi halikuwa na mwenzake. Mstari uliofuata ulikuwa wa Jumatatu.

La pili: kila Ijumaa kimtambo kilizimwa kwa muda, na kila kilipozimwa kiliandika KAZI IMEFUNGWA. Ilikuwa hivyo hadi katikati ya mwezi uliopita. Tangu Ijumaa ya tarehe kumi na tano hakikuandika hivyo tena. Kilikuwa kikinyamaza tu, kama mtu aliyeondoka bila kuaga.

* * *

Clare Akech aliishi kwenye nyumba za reli za Makongeni, katika chumba alichoachiwa na babake, fundi wa injini. Waringa alimkuta anapiga pasi sare nyeupe ambayo tangu Jumatatu hakuruhusiwa kuivaa.

"Karibu, Madam. Kaa hapo, hicho kiti kingine kinayumba."

"Asante, Sista. Jumamosi simu ya zamu ilikuwa wapi?"

"Mfukoni. Upande wa kushoto. Kulia huwa naweka kipimajoto."

"Ulilala?"

"Nilikuwa na akina mama wawili wenye uchungu. Ningelala saa ngapi?"

"Mtu anaweza kusinzia amesimama."

"Anaweza. Sikusinzia. Mtoto wa kwanza alizaliwa saa kumi kasoro robo, wa pili saa kumi na nusu. Imo kwenye kitabu cha wodi, kwa mkono wangu."

Waringa alikuwa amekiona kitabu hicho. Mwandiko ulikuwa umenyooka mpaka mstari wa mwisho.

"Ijumaa nani husafisha friji?"

"Mimi."

"Nieleze, hatua kwa hatua."

Clare alisimamisha pasi wima. "Natoa chupa, naziweka kwenye kikasha cha barafu. Nachomoa ule waya. Nafuta. Narudisha chupa, nachomeka waya, nabonyeza kitufe kimtambo kiamke. Basi."

"Ukichomoa waya kinafanyaje?"

"Siku hizi? Hakifanyi kitu, kinazima. Zamani kilikuwa balaa. Ukigusa tu waya kinaanza, ujumbe juu ya ujumbe, simu inalia mfukoni kama imepagawa. Ukikizima bado kinamalizia zile zake. Vichanga vyote vinaamka, na mama zao wamelala saa moja tu tangu usiku. Nililalamika."

"Kwa Bwana Muriuki?"

"Muriuki haji wodini. Nilimwambia msichana wa karakana aliyekuja kubadilisha betri. Jina sikushika." Clare aliinua tena pasi. "Mtoto mwenye moyo mzuri, huyo. Kulikuwa na mama mmoja anataka kuoga na hana wa kumwachia mtoto. Yule msichana akaweka bisibisi chini, akampakata mtoto nusu saa nzima. Wakati wa kuondoka akaniambia, 'Sista, nitaona la kufanya.' Wiki iliyofuata kikawa kimya."

"Mwezi gani?"

"Uliopita. Katikati."

Waringa aliandika, akafunga daftari. Hakumwambia alichoandika, kwa sababu neno la nusu humtia mtu matumaini ya bure.

"Nitashtakiwa leo, Madam?"

"Faili inatakiwa saa kumi."

Clare alikunja mkono mmoja wa sare, akaunyoosha, akaukunja upya. "Miaka kumi na saba," alisema. "Sijui kazi nyingine."

* * *

Karakana ilikuwa Dandora, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya redio. Watu wanne walifanya kazi pale kwenye kompyuta tatu na meza ndefu iliyojaa nyaya. Mkubwa wao, Jackton, alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye shati safi na maneno laini. Alimpa Waringa kiti chake mwenyewe. Msichana aliyekuwa kwenye kona aliinuka bila kuambiwa, akakifuta kwanza.

"Tumehuzunika sana kuhusu wale watoto," alisema Jackton. "Lakini kimtambo kilifanya kazi yake, Madam. Karatasi inasema."

"Inasema onyo liliandaliwa."

"Ndiyo."

"Lilikwenda?"

"Kuandaliwa na kwenda, ni kitu kimoja."

"Basi kwa nini kimtambo chako huandika yote mawili?"

Jackton alitabasamu. "Labda printa ilikata mstari."

Waringa alimwekea ukurasa mbele, akagusa mstari wa Jumamosi, kisha wa Jumatatu chini yake. Hapakuwa na pengo la kukatwa kitu. Jackton aliutazama ukurasa kwa muda, akasema atauangalia vizuri baadaye.

"Na zile?" Waringa alielekeza kidole ukutani. Karatasi nyingi zilikuwa zimebandikwa kwa gundi, moja juu ya nyingine, kila moja na tarehe.

"Mambo yetu tu ya ofisi."

"Ni malalamiko ya Shosho," alisema msichana wa kona. Jina lake lilikuwa Nyawira. Alikuwa na glovu zilizokatwa vidole, na alizungumza akiangalia mikono yake.

"Shosho nani?"

"Ni programu inayosoma programu zingine, Madam. Kabla maandishi yetu hayajatumwa kwa mtambo, anayapitia mstari kwa mstari. Anayajua makosa ambayo watu hurudiarudia. Tulimwita hivyo kwa vile hachoki kusema, kama nyanya yeyote."

Waringa, ambaye alikuwa shosho wa wajukuu watatu, alikaa na uso wake ule ule. "Na akisema?"

"Unarekebisha. Ama unamnyamazisha kwa huo mstari mmoja, kama una sababu. Lakini hapa ukimnyamazisha, sababu yako inaandikwa pamoja na jina, karatasi inabandikwa, halafu unanunulia kila mtu mandazi."

"Mandazi ya nini?"

"Ndio kila mtu ajue. Mtu akiona mandazi lazima aulize, leo nani amemnyamazisha Shosho?"

Waringa aliinuka akaenda ukutani. Alifunua karatasi moja baada ya nyingine hadi tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita, siku ya Alhamisi. Ilikuwa karatasi fupi. Ilisema: Mtambo wa friji, Tulizo. Mstari wa 212. Programu inakatizwa ghafla. Kazi iliyo njiani itapotea. Chini yake: Amenyamazishwa. Otiende. Sababu: inaamsha vichanga.

"Kukatizwa ghafla ni nini?"

"Hayo ni ya kiufundi, Madam," Jackton aliwahi. "Yatakuchosha."

"Nichoshe."

Nyawira alivua glovu moja.

"Programu ikitaka kuisha, iko na njia yake," alisema. "Inamaliza ujumbe ulio kwenye foleni, inaandika kwamba imefunga, inatoka. Kama mtu anayeepua sufuria, anazima jiko, anafunga mlango, anaenda. Lakini kuna amri ya kuiambia ife papo hapo. Hiyo haiepui chochote. Chenye kilikuwa kwa jiko kinaachwa. Shosho anaikataa hiyo amri kila akiiona."

"Na mstari wa 212 unasema nini?"

"Unasema, waya wa friji ukikosa kusomeka, kufa papo hapo."

"Stima ya stoo ikipotea, waya husomeka?"

Nyawira alivua glovu ya pili. "Mtambo huhamia betri yake. Wakati wa kuhama waya hukosa kusomeka, kama sekunde moja."

"Na ujumbe huchukua sekunde ngapi kwenda?"

"Nne. Tano."

Nje mtu alikuwa anapakua mabati.

"Ni Otiende aliandika," alisema Jackton. "Jina ni lake, hapo, unaliona mwenyewe. Ako ocha saa hii, kwao kijijini Ugenya. Nitakupa namba yake, Madam, umuulize."

Alitoa namba ile haraka mno, na Waringa aliona hivyo. Aliipiga akiwa amesimama pale pale.

Otiende aliitika kwa sauti ya mtu aliye shambani. Ndiyo, anaujua mtambo wa Tulizo. Hapana, hajaugusa. Amekuwa Ugenya tangu tarehe kumi na moja ya mwezi uliopita, alipoitwa kumzika babu yake, na tangu hapo anamuuguza nyanyake. Tarehe kumi na nne ndiyo siku waliyomzika mzee. Paroko anaweza kusema.

"Jina lako limefikaje kwenye karatasi?"

"Kompyuta yangu ndiyo peke yake yenye ruhusa ya kutuma kitu kwa zahanati, Inspekta. Yeyote akitaka kutuma hukaa kwa kiti changu. Jina linajiandika lenyewe."

Waringa alimshukuru, akampa pole ya msiba. Kisha aliomba ruhusa, akashuka ngazi.

* * *

Chini ya ngazi Mama Waruguru alikuwa anageuza mandazi kwenye karai. Aliuza pale tangu karakana ikiwa duka la viatu.

"Wale wa juu? Hao hununua mengi wakikosea. Nikiona mtu amekuja kuchukua ya watu wote, najua leo kuna aliyekosea, namwongezea moja la pole."

"Alhamisi ya tarehe kumi na nne, mwezi uliopita. Nani alikuja?"

"Tarehe mimi sishiki, mwanangu."

"Otiende alikuwa ameshaenda mazishi."

Waruguru aliinua mwiko, mafuta yakadondoka. "Siku chache baada ya Otiende kwenda? Basi ni msichana wao, Nyawira. Namkumbuka kwa sababu alikuwa anacheka. Nikamuuliza, wewe umekosea na unacheka? Akaniambia hajakosea kitu, kuna watoto mahali fulani watalala vizuri."

"Ulimwongezea la pole?"

"Nilimwongezea. Ningejuaje?"

* * *

Waringa alimwita Nyawira kwenye roshani, mahali ambapo nguo za majirani zilikuwa zimeanikwa. Jackton aliwafuata, akasimama mlangoni.

"Tarehe kumi na nne ulikaa kwenye kiti cha Otiende," alisema Waringa.

"Ndiyo."

"Ukaandika mstari wa 212."

"Ndiyo, Madam. Mimi ndiye." Hakulia. Alikuwa ameshika pindo la shuka la mtu. "Sikutaka jina la Otiende likae hapo. Linajiandika, na siku hiyo sikujali. Kila mtu hapa alikula mandazi na alijua ni mimi."

"Ulifikiri nini kuhusu foleni ya ujumbe?"

"Nilifikiri Ijumaa tu. Kuosha friji. Kwamba Sista akichomoa waya, hakuna ujumbe wa maana unaongoja. Sikufikiria siku stima inapotea."

"Ulijua lini?"

"Jumatatu jioni. Nilisoma kumbukumbu, nikaona onyo halina mwenzake. Nikajua papo hapo."

"Ukamwambia nani?"

Nyawira alimtazama Jackton, na Jackton akatazama mabati ya nyumba ya pili.

"Niliambiwa ningoje," alisema. "Zahanati sita zinatia sahihi kesho, zichukue mtambo wetu. Niliambiwa tutalisema baada ya hapo. Sikujua kama kuna mtu ameshikwa. Leo ndio nimejua kuna kesi, ulipokuja."

Waringa aligeuka. "Jackton. Wewe ndiye ulimpa Bwana Muriuki zile karatasi."

"Alizitaka, nikampa."

"Jumanne?"

"Jumanne."

"Na tayari ulikuwa umeambiwa."

"Nilimwambia onyo liliandaliwa. Hilo ni kweli, Madam. Sikumwambia lilikwenda."

"Alipoelewa kwamba lilikwenda, ulimrekebisha?"

"Madam, watu wanne wanakula kwa hii karakana."

"Sijauliza wanakula wangapi. Ulimrekebisha?"

"Hapana."

Waringa aliandika neno hilo peke yake kwenye mstari wake. Alimtaka Jackton afike kituoni saa tisa kuandikisha taarifa, na akamwonya kwamba karatasi za ukutani hazitaguswa na mtu.

"Mtambo huu uko wapi kwingine?" alimuuliza Nyawira.

"Kayole na Umoja."

"Na mstari huo uko huko?"

"Uko."

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza siku hiyo Waringa aliangalia saa. Ilikuwa saa sita na nusu. Alitaka mstari ule utolewe upesi, lakini alitaka kwanza uonekane. Aliagiza ukurasa wenye mstari wa 212 uchapishwe mara tatu, na Nyawira akatia sahihi kila nakala, mbele ya Mama Waruguru aliyepanda ngazi na mikono yenye unga kuwa shahidi. Kisha Waringa alibandua karatasi ya ukutani polepole, kwa ukucha, asiipasue. Baada ya hapo akasema, "Sasa toa."

Nyawira alikaa kwenye kiti cha Otiende. Alifuta, akaandika upya, akamwita Shosho asome. Shosho hakusema kitu. Mstari mpya uliondoka kwenda Makongeni, Kayole na Umoja, na mahali pa jina msichana alifuta lile lililojiandika, akaandika lake.

"Nitafungwa, Madam?"

"Sijui. Aliyekosea akasema na aliyejua akaficha hawaandikwi kwenye ukurasa mmoja. Mimi nitaandika nilichokiona." Alimsukumia karatasi tupu na kalamu. "Andika yote, kwa maneno yako. Usimtetee mtu na usijizidishie. Ukimaliza, mpigie Otiende."

* * *

Saa tisa na dakika hamsini faili ilikuwa mezani kwa kiongozi wa mashtaka, nene mara mbili ya ilivyokuwa asubuhi. Aliisoma akiwa amesimama, akarudia ukurasa wa taarifa ya Nyawira, akaomba kalamu.

Bwana Muriuki, aliyekuwa ameshaarifiwa na ofisi hiyo, alipiga simu kabla Waringa hajatoka kwenye korido. "Kwa hiyo sasa hakuna wa kushtakiwa? Niwaambie nini wale wazazi?"

"Waambie chanjo mpya itafika lini. Hilo ndilo wanalouliza. Wa kuhojiwa yupo, yuko kituoni anaandikisha taarifa. Si Sista."

"Lakini karatasi ilisema wazi."

"Ilisema onyo liliandaliwa, Bwana Muriuki. Uliyemaliza sentensi ni wewe."

Jua lilikuwa limeinama aliporudi Makongeni. Clare alifungua mlango kabla hajabisha mara ya pili. Sare ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyuma yake, na yeye alikuwa amevaa viatu vya kutokea, kama mtu anayengoja kuchukuliwa.

"Faili imepitishwa saa kumi, Sista," alisema Waringa. "Jina lako limetolewa mahali pa mshtakiwa. Limeandikwa kwa mashahidi. Barua ya zahanati kukurudisha kazini inatakiwa kesho."

Clare alikaa kwenye kile kiti kinachoyumba.

"Ni nini kilitokea?"

Waringa alimweleza kwa ufupi: ujumbe uliokuwa njiani, waya uliokosa kusomeka, amri ya kufa papo hapo.

"Ni yule msichana."

"Ni yeye."

"Basi ni mimi nilimwomba."

"Ulilalamika kuhusu kelele. Hukumwambia aandike nini. Na yeye alipojua alisema, akanyamazishwa. Yote nimeyaandika."

Clare alivua kiatu kimoja, kisha cha pili, akaviweka sambamba chini ya meza. Alimimina chai kutoka kwenye thamosi. Walikunywa bila kuzungumza sana. Nje, wauguzi wawili wa zamu ya jioni walipita wakielekea Tulizo. Mmoja aliutazama mlango uliokuwa wazi, kisha akaitazama simu yake.

"Hao nimefanya nao kazi miaka sita," alisema Clare. "Tangu Jumatatu wanapita hivyo. Nilikuwa nawapikia uji kwenye zamu. Hata jirani wa hapa ukutani amekuwa akimtuma mtoto kuomba chumvi nyumba ya mbali."

"Watarudi wakisikia."

"Watarudi. Nami nitawafungulia."

Waringa alimaliza chai, akakiweka kikombe kwenye sinia. Alifunga daftari, akachukua mkoba. Kazi yake katika chumba kile ilikuwa imekwisha, na wote wawili walijua. Clare alimsindikiza miguu mitupu hadi kwenye kizingiti, akasimama pale ameshika mlango.

"Wiki hii yote, Madam, wewe tu ndiye ulibisha hapa," alisema. "Njoo tena. Hata ukiwa huna la kuuliza."